Miezi 14 na kigari cha mkononi Mwanza: niliyoyajua baada ya kupanda Bugando

Nilinunua kigari cha Kijapani, toleo la 2004, sisi 1,300, gia otomatiki, namba C, kwa milioni 6.8. Sikununua yadi, nilinunua mkononi kwa mtu. Kwa miezi 14 sasa nalitumia kila siku kutoka Buhongwa kwenda kazini mjini, na mwisho wa mwezi nafika nalo Magu kwa mama. Gari nalipenda. Kinachoniuma ni siku niliyolinunua, maana karibu kila ubovu nilioulipia baadaye ulikuwepo siku ile, na ungeonekana kama ningejua pa kuangalia.

Muuzaji alikuwa mzee mpole. Nilifika saa tano asubuhi nikakuta gari linaunguruma getini. Nikamwamkia, akaitikia: "Marahaba mwanangu, nimekuwashia kabisa uone lilivyotulia." Nikaona ni ukarimu. Tukalijaribu kutoka Kirumba hadi Airport, lami tupu, tambarare, AC inapuliza baridi. Nikalipa siku hiyohiyo.

Wiki ya pili nikampeleka shangazi Bugando, kliniki. Katikati ya kilima mshale wa joto ukapanda, nikapaki pembeni, mvuke ukaanza kutoka kwenye boneti. Shangazi akamalizia kwa bodaboda. Fundi alipokuja alikataa kufungua mfuniko wa rejeta mpaka injini ipoe. Alipoufungua, maji yalikuwa ya kahawia kama ya mtaro wakati wa mvua.

"Dada, hii injini kulanti, yale maji maalumu ya kupoza injini, haijawahi kuionja."

Kumbe thamostati, kile kivalvu kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, iling'olewa zamani, na feni imeungwa waya wa moja kwa moja, ukiwasha tu inazunguka. Nimeshakutana na wengi waliofanyiwa hivyo. Rejeta ikianza kuziba, badala ya kuitengeneza mtu anang'oa thamostati ili maji yapite muda wote. Kwenye tambarare gari halichemshi. Tena linakaa baridi kupita kiasi na kula mafuta. Ukilipandisha mlima likiwa na watu, rejeta iliyoziba inashindwa. Na huku kwetu tuko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, maji matupu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayasubiri 100. Mfuniko wa rejeta ndio unaoyabana yasichemke mapema, na mpira wa mfuniko wangu ulikuwa umekatika. Gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi, yaani sehemu ya juu ya injini, na bloku ya chini, ilishaungua. Kusawazisha hedi, gasketi mpya, rejeta, thamostati, kulanti na ufundi: 780,000.

Akiwa kwenye hiyo kazi fundi akaniambia nifungue swichi bila kupiga stata. Taa za dashibodi zikawaka, ya oili, ya betri, ya hendibreki. Ya injini haikuwaka. Ile taa inatakiwa iwake kwanza, halafu izime injini ikishanguruma. Isipowaka kabisa ujue kuna mtu ameizima. Alipofungua dashibodi tukakuta imezibwa kwa solotepu nyeusi. Akaibandua, akapima kwa mashine, ikasoma koili moja na sensa ya oksijeni. Hili ndilo lililonikasirisha kuliko hata gasketi. Gasketi inaweza kuungua mwenye gari asijue, lakini solotepu haijibandiki.

Chini ya gari nilitegemea nilichokikuta. Barabara za mitaa yetu ya vilimani ni mawe matupu, kwa hiyo bushi, stabilaiza linki na boli joint, vipuri vya miguu ya gari, ni matumizi ya kawaida, panga bajeti. Ukikata kona usukani wote ukasikia tak-tak-tak kwenye tairi la mbele, joint ya draivu shafti, ile shafti inayozungusha tairi, imeisha. Mara nyingi mpira wake ulipasuka, grisi ikatoka, vumbi likaingia. Kilometa zilisoma 98,000. Mpira wa pedali ya breki ulikuwa umelika mpaka chuma kinaonekana, hizo namba siziamini.

Giaboksi nilibahatisha. Oili yake ilikuwa bado nyekundu na haikunuka kuungua. Likiwa baridi, ukiweka D huku umekanyaga breki, linashika mara moja bila kugonga. Ingekuwa imekufa nisingekuwa na hela ya nyingine. Na kama la kwako ni CVT, yaani otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia, usikubali mtu akuwekee oili ya otomatiki ya kawaida eti zote ni za giaboksi.

Mdogo wangu alipotaka kununua la kwake Nyakato, nilimpigia muuzaji jioni: "Kaka, tunakuja alfajiri, tafadhali usiliwashe." Nilishajifunza kuwa injini iliyokwishapashwa moto huficha ubovu. Saa kumi na mbili na nusu tulikuwa getini na yule fundi wangu, nimemlipa 30,000. Akaweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa ya moto. Muuzaji akasema alikuwa ametoka kununua mkate. Tukaaga. La pili, Igoma, tulilikuta baridi kweli. Likawaka kwa stata moja, taa ya injini ikawaka ikazima, hakuna mapovu kwenye rejeta, chini ya mfuniko wa oili hakuna utando mweupe, zile dalili za gasketi iliyoungua. Tukapanda nalo kilima watu wanne, AC imewashwa, mshale wa joto haukusogea. Akalinunua, na mpaka sasa amebadilisha bushi tu.

Langu limeanza kutoa moshi wa bluu asubuhi, linakula oili kama nusu lita kwa mwezi. Fundi anasema ni sili za valvu, tutazifungua mwezi ujao. Kwa sasa nina galoni ya oili kwenye buti, na kila Jumamosi kabla sijawasha nachomoa stiki nipime.