Nyonga imepona, ila siku ya kuruhusiwa sitaisahau

Nianze na yule dada wa wodini pale hospitali nilikobadilishwa nyonga, maana ndiye aliyenikaa kooni mpaka leo.

Siku ya kuruhusiwa nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda na magongo yangu, shemeji ameenda dirishani kumalizia malipo. Nikamwambia kwa adabu kabisa, "Samahani dada, choo cha kwangu ni cha kuchuchumaa. Nitafanyaje?" Hata macho hakuinua. Akanisukumia karatasi. "Kila kitu kimeandikwa humo, mama. Soma." Naikunjua, Kiingereza kitupu! Mimi ni muuza dagaa sokoni Mwaloni Kirumba, Mwanza, Kiingereza nakitolea wapi? Nikamwomba anisomee walau kidogo. "Mama, mgonjwa si wewe peke yako hapa." Wodi nzima ikageuka kunitazama. Nina wajukuu mimi.

Na kinachoniuma ni kwamba kazi yenyewe waliifanya vizuri sana.

Maumivu yangu yalianzia gotini. Karibu miaka miwili nachua goti, goti limepigwa eksirei mara mbili, halina kitu. Hospitali hii ndipo daktari mmoja kijana akanilaza, akakunja mguu, akauzungusha kwa ndani, nikapiga kelele. Akasema, "Mayu (yaani mama, kwa Kisukuma), goti lako zima. Mbovu ni nyonga." Akanieleza kwamba mishipa ya fahamu ya nyonga na ya goti ina njia moja, ndiyo maana maumivu hudanganya. Akanipima na selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, kwani huku Kanda ya Ziwa iko kwa wingi na huweza kuua kichwa cha mfupa wa paja hata kwa kijana. Mimi sikuwa nayo. Gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, lilikuwa limelika tu, mfupa unasaga mfupa.

Nilikuwa nimesikia habari za kutobolewa vitundu na kuingiziwa kamera, nikaitaka hiyo. Hakunicheka. Akasema kamera inamfaa aliyechanika ukingo wa kikombe cha nyonga, au ambaye mifupa yake inagongana kwa umbo lake, gegedu bado lipo. Gegedu likishaisha, kusafisha hakusaidii, ni kubadilisha kiungo. Ila angepitia mkato mfupi wa nyuma, misuli isiumizwe sana. Wa zamani waliwahi kupasuliwa zaidi ya sentimita 20. Wangu nimeupima kwa futi ya fundi cherehani: 10 na ushee. Nilichomwa ganzi ya mgongo, nyundo naisikia inagonga na maumivu sina. Kesho yake wakanisimamisha. Siku ya tatu nikafika dirishani mwisho wa korido kwa miguu yangu, naliona ziwa, nikalia.

Sasa rudi nyumbani kwangu Igogo, juu kule kwenye mawe. Usiku wa kwanza haja imenibana. Nimeshika ukuta wa choo, nimeshaanza kushuka, ndipo binti wa dada yangu anayesomea uuguzi akapiga simu kunijulia hali. Mjukuu akamwambia bibi yuko chooni. Nikamsikia anavyopiga yowe kwenye spika: "Mama mkubwa asichuchumae!" Kumbe wiki za mwanzo, ukipasuliwa kwa nyuma, paja halitakiwi kukunjwa kupita digrii 90. Ukipitiliza, ile tufe mpya inaweza kuchomoka kwenye kikombe chake. Usipishanishe miguu. Usikalie kigoda, na dagaa kwetu huchambuliwa kwenye kigoda!

Yote hayo yalikuwa kwenye ile karatasi. Mstari wa tatu.

Asubuhi fundi seremala akachukua kiti cha mbao, akakitoboa katikati, akakiongeza miguu. Shilingi elfu kumi na tano. Nusura nyonga niliyouzia kiwanja iharibike kwa kukosa maneno ya dakika mbili!

Nilikaa kuandika hapa ili niwaambie msiende. Siwezi. Kwa kupasua, nendeni, mikono ile ni ya dhahabu, leo napanda mawe ya Igogo bila gongo. Na yule dada labda alikuwa amekesha, wodi imejaa, sijui. Lakini hapana, kuchoka si sababu. Aliyechoka angeniambia "mama usichuchumae" akaendelea na kazi yake. Maneno mawili tu!

Niliporudi kutolewa nyuzi nilikutana naye mlangoni. "Shikamoo mama, unatembea vizuri!" Hanikumbuki kabisa. Nikaitika marahaba, kifua kinawaka.

Kwenye benchi palikuwa na mzee katoka Ukerewe, magongo mapya, karatasi kaikunja kwenye mfuko wa shati. Naijua ile karatasi. "Shikamoo baba. Umesomewa hiyo?" Akasema bado. Nikamweleza yote, mwanzo hadi mwisho, nimeshaikariri. Alipomaliza kusikiliza akaniuliza yule fundi wa kiti anapatikana wapi.