Chanjo hai au iliyouawa: ipi imfae mwenye kinga iliyoshuka?

Kwenye mabenchi ya kliniki za Mtwara na Lindi, ubishi huu hauishi.

Kwa usalama, zilizouawa, yaani zisizo na kirusi hai ndani, zinaongoza. Chanjo hai, kama za surua na homa ya manjano, hubeba virusi vilivyodhoofishwa ambavyo huzaliana mwilini. Mtu mzima mwenye VVU na CD4 (hesabu ya chembe za kinga kwenye damu) chini ya 200, virusi hivyo vinaweza kumzidi nguvu. Ile ya homa ya ini B au HPV (kirusi cha saratani ya shingo ya kizazi) ina kipande tu cha kirusi, haiwezi kuleta ugonjwa.

Ila kwa nguvu, mambo hugeuka. Mwili uliochoka huziitikia kidogo hizi zilizouawa, ndiyo maana anayeishi na VVU hushauriwa dozi 2 za HPV, ikiwezekana 3, wakati wasichana wengine nchini hupewa 1.

Utunzaji je? Unga wa surua ukishachanganywa na maji yake una saa 6 tu, kisha hutupwa. Ya homa ya ini B, ajabu, huharibiwa na kuganda kuliko joto letu la pwani, na kwa macho huwezi kujua kama iliganda hadi itikiswe.

Kama CD4 imepanda na dawa unameza bila kuruka, chanjo hai inawezekana. Muulize daktari wako. Unayetibiwa saratani, subiri miezi isiyopungua 3 baada ya dawa kuisha. Wakati huohuo wajukuu wa nyumbani wachanjwe surua miezi 9 na 18, wasikuletee.