Forester SH5 ya mkononi: acha kuuliza namba, omba makaratasi

Sokoni Dar es Salaam, Subaru Forester SH5 hupangiwa bei kwa herufi ya namba. Ya namba E inapanda, ya D inashuka, na dalali hataki mjadala zaidi ya hapo. Herufi hiyo inakuambia gari lilisajiliwa lini Tanzania, basi. Haikuambii mkanda wa taiming, ule unaooanisha pistoni na valvu, ulifungwa lini, na kwenye gari hili mkanda ndio unaoamua kama bei ni halali.

SH5 za kuanzia mwisho wa 2007 hadi Oktoba 2010 zina injini ya EJ20 inayotumia mkanda. Baada ya hapo Forester zisizo na turbo zikapewa FB20 yenye cheni na msimbo wa SHJ, ila XT yenye turbo ikabaki SH5 yenye mkanda. Mkanda wa EJ20 hubadilishwa kwenye kilomita 100,000. Ukikatika njiani, pistoni zinagonga valvu, valvu zinapinda, na hapo unazungumzia kufungua injini, si kununua mkanda. Sasa gari linashushwa bandarini na kilomita 90,000, mmiliki wa kwanza analitembeza miaka minne, kisha linauzwa. Je, mkanda ulibadilishwa? Muuzaji asiye na karatasi atajibu "fundi wangu alishacheki". Jibu hilo lihesabu kama hapana, na utoe gharama ya kazi nzima kwenye bei.

Kazi nzima si mkanda peke yake. Risiti nzuri inaonyesha mkanda, tensha (kifaa cha kuukaza), roli zote unazopitia na pampu ya maji, pamoja na kilomita za siku hiyo. Roli chakavu ikikwama, mkanda mpya unaruka vilevile kama wa zamani. Mkanda halisi wa Subaru una namba ya spea inayoanza na 13028, kwa hiyo risiti iliyoandikwa "belt 1" tu ipe nusu ya uzito. Faida ya risiti ya EFD, ya mashine ya kodi, ni kwamba tarehe yake inaweza kuhakikiwa kwenye mfumo wa TRA, mamlaka ya mapato. Kipande cha daftari cha gereji kinaweza kuandikwa asubuhi ya siku ya kuuza.

Karatasi za Japani zinathaminiwa kidogo kuliko zinavyostahili. Huko gari jipya la abiria hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, na kitabu cha matengenezo ndani ya droo ya dashibodi hubeba tarehe na kilomita za ukaguzi. Mwaka ukiandikwa kwa Heisei, hesabu ya Kijapani ya zama za mfalme, jumlisha 1988. Ukiwa Reiwa, jumlisha 2018. Fungua boneti pia utafute stika ya mkanda yenye tarehe na kilomita. Mafundi wa kule wana kawaida ya kuibandika. Halafu linganisha na cheti cha kusafirisha gari nje na karatasi ya mnada. Kilomita zinatakiwa zipande kutoka karatasi moja hadi nyingine. Cheti kikisema 128,000 na dashibodi ikasoma 96,000, kilomita zimerudishwa, na hapo rangi inayong'aa haina cha kukuokoa. Angalizo: alama ya mnada ya 4 au 4.5 inasema zaidi kuhusu bodi kuliko utunzaji wa injini. Alama ya R ina maana gari liliwahi kugongwa likatengenezwa.

Kuna risiti zinazoshusha thamani. Tukikuta kifuniko cha rejeta, thermostati na kulanti vimenunuliwa mara tatu ndani ya mwaka, tunasoma injini inayochemka ambayo chanzo chake hakijapatikana. Muuzaji anadhani anaonyesha anavyolitunza gari.

Risiti za matairi watu huzitupa, na kwa Subaru zina maana. Gari linavuta magurudumu yote muda wote. Matairi mawili mapya mbele na mawili yaliyoisha nyuma yanazunguka kwa kasi tofauti, na klachi ya kugawa nguvu ndani ya gia boksi ya otomatiki inalika. Zungusha usukani mpaka mwisho, endesha taratibu kwenye duara: gari likijivuta na kustuka kama limeshikwa breki, dosari ishaanza. Risiti ya matairi manne ya saizi na chapa moja ni hoja ya kweli ya kuongeza bei.

Oili ya EJ20 ni kama lita 4, na kwa foleni na vumbi letu kilomita 5,000 zinatosha. Kwa 2.0X isiyo na turbo, pengo la risiti moja au mbili halitutishi. Ukipata yenye karatasi za mkanda, iongezee hela hata kama ni namba C. XT ni habari nyingine. Njia ya oili kwenda kwenye turbo inapita kwenye boliti yenye kichujio kidogo cha wavu, na oili iliyochelewa kubadilishwa huacha tope linalokiziba. Turbo inakaukiwa, shafti inakufa. XT isiyo na risiti za oili ipangie bei ya gari linalosubiri turbo mpya, na muuzaji akikataa, mwachie.