CSDCAS: mfumo wa kuombea uzamili wa tiba ya usemi na lugha Marekani

Anayetaka kusomea uzamili wa tiba ya usemi na lugha Marekani hukutana na CSDCAS kabla hajakutana na mwalimu yeyote. Ni mfumo wa mtandaoni ulio chini ya CAPCSD, baraza la programu za vyuo zinazofundisha fani hii. Unajaza maombi mara moja, unayatuma vyuo kadhaa, na ada ya chuo cha kwanza huwa kubwa kuliko ya kila kinachoongezwa. Ni huduma nzuri na tunaipendekeza, ila kosa moja ndani yake nalo linafika vyuo vyote kwa pamoja.

Fomu ina sehemu nne: taarifa binafsi, historia ya masomo, taarifa za ziada, na mahitaji ya kila chuo. Inayokula muda ni ya pili. Mwombaji huandika mwenyewe kila somo alilosoma chuoni Marekani, muhula kwa muhula: namba ya somo, jina, krediti na alama, sawasawa na transkripti, yaani rekodi ya matokeo inayotolewa na chuo. Somo lililoachwa katikati likabaki na herufi W linaandikwa pia. Hata somo moja la kiangazi katika chuo cha jamii (community college) linahitaji transkripti yake. Usijaze kwa kumbukumbu. Pata kwanza nakala yako, ndipo ukae mbele ya kompyuta. Transkripti rasmi sharti itoke kwa msajili wa chuo kwenda CSDCAS moja kwa moja. Ikikosekana, au masomo yasipolingana nayo, maombi yanarudishwa kwako na siku zinaendelea kuhesabika.

Kinachowashtua wengi ni wastani wa alama (GPA). Vyuo vingi Marekani huondoa alama ya zamani mwanafunzi akirudia somo, CSDCAS haiondoi. Ukipata D katika somo la krediti 3, ukalirudia ukapata A, chuoni kwako huenda ikahesabiwa 4.0 pekee. Hapa 1.0 na 4.0 zote zinaingia, na wastani wa hayo mawili ni 2.5. Krediti za vyuo vinavyogawa mwaka kwa robo nazo huzidishwa kwa 0.667. Kokotoa mapema kwa kanuni hizi kabla ya kuchagua vyuo.

Kwa aliyepata shahada ya kwanza Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, kazi nzito iko nje ya mfumo. Vyuo vingi hutaka matokeo yatathminiwe na shirika kama WES, tena kwa ripoti ya somo kwa somo. Ile inayotaja shahada tu haitoshi. WES nayo husubiri matokeo kutoka chuo chenyewe, na hapo ndipo miezi hupotelea, hasa ofisi ya msajili ikiwa inafanya kazi kwa bahasha na mihuri. Anza miezi minne au mitano kabla, na uulize kila chuo kinakubali tathmini ya nani.

Soma tarehe ya mwisho kwa makini. Nyingi huangukia kati ya Desemba na Februari, lakini maana yake hutofautiana: chuo kimoja kinataka maombi yawe yametumwa, kingine yawe yamekamilika pamoja na transkripti na barua zote za mapendekezo, kingine yawe yamekwisha kuhakikiwa. Uhakiki huweza kuchukua wiki kadhaa. Tuma wiki sita kabla. Ukishatuma, masomo uliyoandika hayahaririki kirahisi.

Wadhamini, yaani wanaokuandikia barua za mapendekezo, hupokea kiungo kwa barua pepe, mara nyingi kikaishia kwenye barua taka, kwa hiyo wapigie simu siku hiyohiyo. Barua ikishapokelewa haiondolewi wala kubadilishwa. Kwa kuwa huweza kusomwa na vyuo vyote, mdhamini asitaje chuo kimoja kwa jina.

Katika insha ya maombi, Kiswahili ni hoja ya kitaaluma, nacho kinastahili nafasi kubwa kuliko sentensi moja ya mwisho. Mtoto wa nyumba inayozungumza Kiswahili akiongeza irabu mwishoni mwa neno la Kiingereza, huenda anafuata tu utaratibu wa lugha ya kwao, ambamo karibu kila neno huishia na irabu. Anayempima bila kulijua hilo anaweza kumwandikia tatizo la usemi asilokuwa nalo, akapewa tiba asiyoihitaji.

Udhaifu mkubwa wa CSDCAS ni kwamba haikuhakikishii kuwa una masomo ya msingi. Cheti cha ASHA, chama cha wataalamu wa usemi, lugha na usikivu Marekani, kinadai biolojia, fizikia au kemia, takwimu, na sayansi ya jamii. Programu nyingi huongeza fonetiki, anatomia ya usemi na usikivu, na ukuaji wa lugha. Mhitimu wa ualimu au isimu hukosa kadhaa kati ya hayo, na kuyafidia huweza kuchukua mwaka.

Si vyuo vyote vimo humu, na baadhi vilivyomo hudai pia fomu na ada ya shule yao ya uzamili. Kabla ya kulipa popote, fungua ukurasa wa programu utafute mambo matatu ambayo CAA, chombo cha ithibati, huzitaka zichapishe: wangapi humaliza kwa wakati, wangapi hufaulu Praxis, mtihani wa kitaifa wa fani hii, na wangapi huajiriwa.