LibreOffice Writer na Nambari za Tasnifu Ndefu

Kwa sisi tunaochapa tasnifu na katiba za vyama katika ofisi ndogo za Mombasa, programu ya kuandikia hupimwa kwa jambo moja: ukifuta kifungu cha 3.2 katikati ya kurasa mia mbili, je, vifungu vinavyofuata vitajipanga vyenyewe? LibreOffice Writer, ambayo mradi wake ulianzishwa 2010 na haina malipo, hulifanya hilo vizuri, ilimradi mwandishi akubali kutumia mitindo (styles), yaani mipangilio ya mwonekano iliyohifadhiwa kwa jina, badala ya kubofya kitufe cha nambari kwenye kila aya.

Kitufe cha F11 hufungua mitindo yote, na humo mtindo wa aya, unaoamua aina ya herufi na nafasi kati ya mistari, umetengwa na mtindo wa orodha, unaoamua nambari na ngazi zake, ambazo hufika 10. Mgeni huuona utengano huo kuwa usumbufu mtupu. Kwangu ndio ubora wake mkuu, kwani ukishaviunganisha viwili hivyo, badiliko moja huenea waraka mzima. Aya zinazonakiliwa kutoka kwingine huja na nambari zao kaidi, hivyo ni heri kubandika maandishi matupu kwa Ctrl, Alt, Shift na V, kisha kuyapa mtindo.

Udhaifu uko kwenye kubadilishana faili. Wateja wengi hutaka docx, muundo wa faili za Microsoft Word, na ujongezaji wa orodha, yaani nafasi kati ya ukingo na maandishi, huweza kusogea; kwa hiyo mimi hukabidhi na nakala ya PDF.