Sabuni ya uso wenye rosasia: anza na maji ya bombani kwako

Malalamiko ya wasomaji wenye rosasia, ugonjwa wa ngozi ya uso unaoleta wekundu, joto na vipele, yanafanana: sabuni ni ya bei, imeandikwa ya ngozi laini, na bado uso unawaka kama uliopakwa pilipili. Wengi wanalaumu sabuni. Mimi nalaumu maji.

Nyumba nyingi za Mombasa hutumia maji ya kisima, yenye chumvi, kalsiamu na magnesiamu. Sabuni ya kawaida ikikutana nayo haitoi povu la maana. Inakuwa utando mweupe, ule ule unaoganda kwenye beseni, na usoni hubaki vivyo hivyo. Kuchemsha hakuondoi chumvi.

Kwa hiyo nafasi ya kwanza ni Cetaphil Gentle Skin Cleanser, na sioni haya kuipendelea. Haina manukato, na inafanya kazi bila tone la maji: paka kwenye uso mkavu, zungusha kwa ncha za vidole kama nusu dakika, kisha futa polepole. Kipande cha leso kuukuu kinashinda taulo.

Ya pili, Bioderma Sensibio H2O, maji ya kusafishia uso yanayofutwa kwa pamba. Nayo haisuuzwi, ila pamba isipolowa vizuri hukwaruza mashavu. Ya tatu, CeraVe Hydrating: nzuri, lakini ni ya kusuuza, basi itengee dumu la maji matamu au ya mvua, vikombe viwili vinatosha.

Sabuni za mche na za dawa ni za nguo na mikono.

Ukishafuta, ngoja dakika kumi ndipo upake dawa uliyoandikiwa: jeli ya metronidazoli 0.75%, asidi ya azelaiki 15% au ivermectini 1%. Azelaiki huchonyota yenyewe. Juu ya utando wa sabuni huchonyota maradufu, na watu huitupa mapema, ilhali dawa hizi zote hutaka wiki kadhaa kuonyesha kazi yake.

Sasa wauzaji wa dawa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, hivyo ukieleza vipele na joto la mashavu unaambiwa ni chunusi, unapewa tyubu ya mchanganyiko wa dawa wenye steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe wa ngozi. Uso unatulia siku chache, ukiacha kupaka vipele vinarudi kwa hasira, maana steroidi yenyewe huleta vipele vya namna hiyo. Ukiona betamethasone au clobetasol, ambazo ni steroidi, kwenye boksi, rudisha hapo hapo kaunta. Na chupa ndogo za Cetaphil? Gawanya bei kwa mililita, uone unavyokamuliwa.