Uzoefu wangu na PhotoPills: kuuvizia mwezi mpevu juu ya maghorofa ya Posta

Naishi Kigamboni, ng'ambo ya katikati ya jiji la Dar es Salaam, na kwa miaka mingi nimevuka na pantoni nikiyatazama maghorofa ya Posta, huko mjini, yakiongezeka. Nilitaka picha moja: mwezi mpevu ukizama nyuma ya minara pacha ya PSPF. Kwa kubahatisha nilishindwa mara tatu. Kila mara ulishukia kushoto, upande wa bandarini.

Ndipo nikanunua PhotoPills, programu ya simu ya kupangia picha. Unalipa mara moja, basi. Unaweka alama pale utakaposimama, nayo inachora mstari wa mwezi unakochomoza na unakozama, kwa tarehe yoyote. Kosa langu likaonekana: nilikuwa nikienda Juni, wakati mwezi mpevu huzama kusini-magharibi. Machi na Septemba huzama karibu na magharibi kamili, na kutoka kivukoni Kigamboni minara ile iko hukohuko.

Nilichokipenda zaidi ni hesabu ya ukubwa. Mwezi huonekana mpana kama sehemu 1 ya 110 ya umbali wako na jengo. Kutoka kivukoni, kama kilomita 1 na nusu, unatoshana na ghorofa tatu hivi, na minara ina ghorofa 35! Ukiutaka mkubwa, rudi nyuma, halafu vuta kwa lenzi ndefu.

Nikarudi nyuma hadi juu ya paa la shangazi. Machi, saa kumi na mbili na robo alfajiri, mwezi ulikuwa rangi ya papai bivu na taa za maofisini bado zinawaka. Lenzi ya milimita 400, tundu lake f/8, wepesi wa kamera kwa mwanga ISO 400. Tega tripodi mapema, maana kwa dakika mbili tu mwezi unahama upana wake mzima.

Septemba nilipanda paa lilelile. Mbele yangu nikakuta mirunda na nguzo za zege, jirani anapandisha ghorofa ya nne. Hilo hakuna programu itakayokuambia. Nenda ukapaangalie mchana, siku chache kabla.

Nikadaka bodaboda hadi ufukweni. Bamvua lilikuwa bado limejaa, nikaingia maji ya magoti. Nikainua simu, maana programu huonyesha njia ya mwezi juu ya kile kamera inachokiona, nikasogea hatua kwa hatua mpaka mstari ukaangukia katikati ya minara. Pichani mwezi ulitoka mdogo, na pembeni yake pana winchi la ujenzi ambalo Machi halikuwepo. Hiyo ndiyo niliyoichapisha kubwa, ipo ukutani sebuleni.